Vikapu 18 kati ya msitu na miteremko

Gofu ya diski ni mchezo wa kurusha diski hadi itue kwenye kikapu cha minyororo kwa mirusho michache iwezekanavyo. Kwenye uwanja wake uliojaa miti na vilima, swali la kwanza kila unaposimama kurusha ni hili: diski itatulia wapi? Umbali huja baadaye. Uwanja niliouzunguka safari hii una vikapu 18, vyote ndani ya msitu mnene unaopanda kilima, ukashuka hadi kijitoni na kupanda tena. Karibu kila shimo, yaani njia kutoka jukwaa la kurushia hadi kikapu chake, linamgharimu anayerusha kwa nguvu kabla hajaisoma ardhi ya kutulia.

Kabla ya kuanza kupanda nilipunguza mkoba. Diski nane zinatosha: tatu za kulengea kikapu, mbili za masafa ya kati na tatu za kasi ya 6 hadi 8. Za kasi ya 12 kwenda juu nilizitoa zote, na sababu inaonekana kwenye zile nambari nne zinazochapwa juu ya diski: kasi, kuelea, kupinda na kukunja. Bekihendi, mrusho unaovuta mkono mbele ya kifua, ikiwa ya mkono wa kulia huizungusha diski kufuata mwendo wa saa. Ikiwa bado na kasi huvutwa kulia, ndiko kupinda, na kasi ikiisha hukunja kushoto. Fohendi, mrusho wa kutoka pembeni mwa mwili, kwa mkono huohuo hugeuza yote kinyume. Diski ya kasi ya 12 isiporushwa kwa nguvu inayoitaka haifiki hata hatua ya kupinda. Inakunja kushoto mapema, na msituni, kushoto mapema kuna mti. Rangi nayo ina kazi yake: kijani hupotea kwenye majani mabichi, na nyekundu hupotea kwenye majani makavu. Waridi kali na buluu angavu huonekana kote, na hilo si dogo kwa sababu sheria inatoa dakika tatu tu za kutafuta. Zikipita, diski imepotea na unaongezewa mrusho mmoja wa adhabu.

Shimo la 1 ni njia nyembamba iliyonyooka, mita 78. Mita 15 kutoka jukwaani kuna dirisha kati ya miti miwili, upana wake kama mita mbili. Watu huliogopa, lakini hesabu yake ni ya kutia moyo. Ukiondoa upana wa diski yenyewe, sentimita 21 hivi, unabaki na nafasi ya takriban sentimita 90 kila upande, na kwa umbali huo ni kosa la zaidi ya digrii tatu. Dirisha hilohilo lingekuwa mita 60 mbele, lisingekusamehe hata digrii moja. Ndiyo maana nikiwa na njia mbili za kuchagua huchukua ile ambayo pembamba pake pako karibu. Nilirusha diski ya kulengea, bila mbio za miguu, hatua moja tu, pua, yaani ukingo wa mbele wa diski, ikiwa chini kidogo. Pua ikiinuka diski hupaa, na juu ya njia hiyo matawi yametanda kama mita nne kutoka ardhini. Ikigonga tawi huanguka hapohapo, na mrusho wa pili unaanzia mahali ambapo mkono hauna nafasi.

Mashimo ya 2 na 3 ni mafupi na hayana mengi. La 4 linashuka: kibao kinasema mita 96, na kikapu kiko mita 11 chini ya jukwaa. Kanuni inayotumiwa na wachezaji wengi ni kwamba kila mita moja ya kushuka hupunguza mita tatu za umbali, na kila mita ya kupanda huongeza tatu. Kwa hiyo hilo ni shimo la mita 63, kazi ya diski ya masafa ya kati. Hatari ya mteremko iko kwenye mabega. Jicho linatazama chini lakini mwili unabaki wima, basi diski inatoka sambamba na upeo wa macho, inaelea juu ya kikapu na kupotelea bondeni. Dawa yake ni kuinamisha kiwiliwili kizima kutoka nyongani, mstari wa mabega ufuate mteremko. Mkono peke yake ukielekezwa chini, diski hutoka ikiyumbayumba.

La 7 linapanda: mita 70, mwinuko wa mita 9, yaani kama mita 97 za uwanda. Hapa kasi huisha haraka na diski yoyote hukunja mapema kuliko ulivyoizoea. Chukua ile inayopinda kirahisi, ikiwezekana iliyochakaa kidogo, uiache itoke ukingo wa kushoto ukiwa umeinuka kidogo.

Shimo la 9 ndilo lililonifanya nisimame muda mrefu kuliko mengine. Kikapu kimewekwa ubavuni mwa kilima, na ardhi inaporomokea kushoto hadi kijitoni. Nilichuchumaa kando nikatazama jinsi diski zinavyotua. Inayotua sambamba na ardhi huteleza mita tatu au nne, ikikwangua majani makavu, kisha hutulia. Inayotua kwa ukingo hufanya jambo jingine kabisa: inachimba kijishimo kidogo kwenye udongo, inasimama wima kwa nukta moja, halafu inabingirika kama gurudumu bila kizuizi hadi mita 25 chini. Kwa hiyo ubavuni chagua kuteleza. Mteremko ukiangukia kushoto, bekihendi ya mkono wa kulia inayokunja kushoto polepole huinama pamoja na ardhi, basi ielekeze mita nne upande wa juu wa kikapu iteleze yenyewe kukijia. Fohendi hapo huja na ukingo wa kulia chini, ukachoma ardhi inayopanda, na ndipo gurudumu linapozaliwa.

Kulenga kikapu kwenye mteremko kuna masharti yake. Ndani ya mita 10 sheria inataka uonyeshe kwamba umetulia kabla ya kupita alama ya mahali diski yako ilipotua, na kikapu kikiwa chini yako mwili unavutwa mbele. Simama umetanua miguu kukatisha mteremko, magoti yamelegea. Kikapu kikiwa juu yako, lenga nusu ya juu ya minyororo. Minyororo ndiyo inayokula kasi. Mmarekani Ed Headrick alipoanzisha uwanja wa kwanza wa kudumu huko Oak Grove, California, mwaka 1975, watu walilenga nguzo tupu, na hataza ya kikapu cha minyororo aliipata mwaka 1977. Hata hivyo minyororo haishiki sawasawa kila upande. Bekihendi ya mkono wa kulia ikiingia kulia kwa nguzo hubaki ndani, ikiingia kushoto huelekea kutoka nje. Kwenye ubavu kama ule, kutoka nje ni kurudi kijitoni, hivyo ukiwa zaidi ya mita 12 ni busara kuisogeza diski karibu na kikapu, ikitua bapa, badala ya kukilenga.

Toka la 10 hadi la 13 vichaka vinakaribia njia, na hapo ndipo sheria ya kusimama inapokuwa na faida kwa anayeijua. Nyuma ya diski yako una mstatili wa upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 30, na wakati wa kurusha lazima sehemu moja ya mwili inayokubeba iwe imegusa humo. Haisemi lazima iwe mguu: goti linakubalika, na kupiga goti hukupeleka chini ya matawi. Matawi usiyavunje wala kuyafunga pembeni. Unachagua msimamo unaoyasogeza kidogo iwezekanavyo, kisha unarusha. Diski ikinasa juu ya mti, alama huwekwa chini yake moja kwa moja. Adhabu ya diski kunasa juu zaidi ya mita mbili ipo pale tu waandaaji wa mashindano walipotangaza kuitumia. Kwa kutoka kichakani fohendi fupi hushinda mirusho mingine, maana haihitaji nafasi ya kuvuta mkono mbele ya kifua. Lenga kurudi njiani hata kama ni mita 15 tu. Kupenyeza diski katika miti kumi kwa matumaini ndiko kunakozaa mirusho saba mahali palipotosha minne.

Shimo la 14 lina mti wa lazima wenye mshale: pita upande usioonyeshwa na mshale na ni mrusho mmoja wa adhabu. Linavuka pia mgongo wa kilima, kikapu hakionekani. Mmoja wetu alipanda juu, akaangalia kama wa mbele wameondoka, akanyoosha mkono. Msituni hii si adabu tu, diski ya gramu 175 inaumiza.

Baada ya la 15 mvua ilinyesha kidogo. Ukingo ukilowa vidole huteleza na diski hutoka kabla ya wakati, ikaenda kushoto. Taulo moja ni ya diski, ya pili ni ya mikono, zisichanganywe, na udongo wa viatuni ukwanguliwe kabla ya kupanda jukwaani.

La 18 linavuka kijito, mita 40 za kuruka hewani. Diski huhesabiwa kuwa nje ya uwanja pale tu inapokuwa nzima ndani ya eneo la nje. Mstari wenyewe ni sehemu ya nje, hivyo diski iko ndani ikiwa sehemu yake yoyote imevuka mstari kuelekea uwanjani. Upepo wa bondeni hausikiki chini ya miti, kwa hiyo tazama vilele. Ukivuma usoni, diski hupaa na kupinda zaidi, basi chukua inayokataa kupinda na uishushe pua. Ukivuma mgongoni, diski huzama mapema: ongeza kimo kidogo, na ulenge mita tano zaidi ya ukingo wa mbali wa maji.