Keki ya Ghorofa Tatu

Mwenyekiti wa kamati alipofika kwenye neno "keki" aliinua macho kutoka kwenye daftari, akanitazama mimi, si mchumba wangu. "Laki moja na nusu," akasema. "Na hapo tumejibana."

Ilikuwa Januari 2014, sebuleni kwa baba, Barabara ya 12, Ngamiani, na harusi imebakiza wiki tano. Kadi za mchango zilikuwa zimezagaa Tanga nzima. Ahadi tele, fedha mkononi kiduchu. Pilau, ukumbi na mpiga picha vilishakomba karibu zote.

Mimi ningeridhika na keki ya kilo mbili: tukate, tulishane, watu wapige vigelegele, yaishe. Tatizo lilikuwa mama mkwe. Desemba hiyo huko kwao Muheza mpwa wake alikuwa ameoa, na keki ikawa ya ghorofa tatu. Basi alipokuja kwetu na wenzake kuleta barua ya tarehe, alinishika mkono pale mlangoni, akatabasamu na ule mwanya wake mzuri unaomfanya kila mtu amsamehe, akasema, "Mwanangu, sisi hatuna makuu. Keki iwe ya ghorofa tatu tu."

Hilo "tu" lilininyima usingizi. Na mwenyewe haruhusiwi hata kuionja! Sukari ilikuwa inampanda, daktari amemkataza vitu vitamu, na binti zake wawili walimchunga kama askari wa getini. Hata chai waliionja wao kwanza kabla ya kumpa.

Nilikwenda Makorora kwa mama mmoja mpika keki, nikiwa na mchumba wangu na kalamu. Akatuwekea albamu ya picha mapajani. Keki za maua, keki za ngazi, moja ina hadi chemchemi ya maji katikati, nikaipita haraka kabla mwenzangu hajaiona. Yule mama alikuwa akiuza kwa kilo. Ya krimu shilingi 25,000, ya fondanti, ile sukari inayosukumwa kama chapati na kuvalishwa juu ya keki, 35,000. Ghorofa tatu zinakula kilo 9.

"Basi krimu," nikasema, maana hesabu nilishaipiga: hata hiyo ilizidi laki moja na nusu, ila afadhali.

Hakubishana nami. Alichota kijiko cha krimu ya siagi, akakibwaga kwenye kisahani, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha, tukaendelea na albamu. Kaskazi lilikuwa limepamba moto. Tanga mwezi huo hata ukuta unatoa jasho. Hatujafika hata nusu ya albamu, kile kijilima cha krimu kilikuwa kimelegea, kikalala upande, kikaanza kutambaa kuelekea ukingoni. Mchumba wangu akakitazama kama mtu anayetazama mshahara wake.

"Ukumbini mtakaa kwa saa ngapi?" akauliza yule mama.

"Nne."

"Haya."

Kwa hiyo ni fondanti, kwa hiyo ni 315,000, kwa hiyo haiwezekani. Nikafunga albamu, nikaanza kuaga. Ndipo alipouliza swali ambalo nadhani huwa analiweka akiba kwa ajili ya watu wa aina yetu: "Bi harusi, unataka keki ya kula au keki ya kupigia picha?"

Akatupeleka chumba cha nyuma. Juu ya kabati kulikuwa na keki mbili kubwa nyeupe, zimevishwa fondanti, zina ushanga wa sukari pembeni. Akanipa moja niishike. Nusura niirushe darini, kwa wepesi! Ndani ni lile dude jeupe linalokuja kwenye katoni la televisheni. Anazikodisha. Za chini mbili za uongo, ya juu keki kweli ya kilo 2. Kukodi shilingi 20,000, keki ya juu 70,000, na dhamana 20,000 utakayorudishiwa ukizileta salama Jumatatu.

Nilimtazama mchumba wangu. "Mama asijue," akasema.

Ilibaki 40,000, na wageni 200 wa kulishwa kitu kitamu. Hapo nilimwendea bibi yangu. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi kanga ikamvuka begani. "Mke mwenzangu, umekwenda mpaka Makorora kutafuta keki, na humu ndani mna mkate wa mayai?"

Nilikuwa nimeusahau kabisa. Mkate wa mayai hautaki siagi, na siagi ndiyo inayopandisha bei ya keki. Unataka mayai, sukari, unga, iliki na mkono usiochoka. Tulinunua trei 3 za mayai kwa 24,000, sukari kilo 4, unga kilo 3, ikabaki nauli. Mayai 10 kila mkate, mikate 9. Usiku wa kuamkia harusi, mimi nikiwa nimekatazwa kugusa chochote kwa ajili ya hina, nilikaa kwenye mkeka nikimwangalia. Alipiga mayai na sukari hadi povu likawa jeupe na zito, akichovya kidole na kukiinua ili aone kama kile kichuguu kinasimama. Unga aliukung'uta kidogo kidogo, na hapo hakupiga tena, alikunja tu, taratibu. Kisha kwenye sufuria, jiko la mkaa chini, na makaa juu ya mfuniko. "Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini," akasema, akipuliza majivu. "Wa chini ukizidi, unaungua huku juu bado maji." Saa 8 usiku nyumba nzima ilikuwa inanukia iliki, na shangazi zangu walikuwa wameshakula mkate mmoja kwa kisingizio cha kupima chumvi. Mkate wa mayai, jamani, una chumvi gani?

Ukumbini mambo yalikwenda. Keki ilisimama wima, haikutoa jasho. Tulikata ile ya juu, tukalishana. Mikate ya bibi ilipita kwenye sinia, imekatwa vipande vidogo, na watu wakadhani ndiyo zile ghorofa za chini zimekatiwa jikoni. Kwa kweli shangazi alikuwa ameziondoa mezani mapema na kuzificha stoo, nyuma ya kreti za soda. Mama mkwe alikuwa na furaha isiyo kifani. Kuna wakati nilimtafuta kwa macho nisimwone, binti zake nao wanamtafuta, kisha akatokea upande wa jikoni akijipangusa midomo kwa ncha ya mtandio. Sikulitia maanani. Bi harusi ana mangapi ya kuangalia.

Jumatatu, siku ya tatu ya ndoa yetu, tulipanda bajaji kwenda Makorora, kila mmoja amepakata keki yake. Watoto wa mtaani walitukimbilia hadi kona. Yule mama alizipokea, akazizungusha polepole kwenye mwanga wa mlangoni. Ile ndogo sawa. Ile kubwa ilipofika nusu, akasimama.

"Hii imeng'atwa."

Ukingoni kulikuwa na pengo. Fondanti imemeguka, na kwenye lile dude jeupe meno yamejichora vizuri kabisa, safu ya juu, kubwa, ya mtu mzima. Katikati ya meno mawili ya mbele palikuwa na ukuta mwembamba ambao haukuguswa.

"Nitakata 5,000," akasema.

Nilifungua kinywa nibishe. Mume wangu alikuwa ameinama, ameweka kidole gumba juu ya ule ukuta mwembamba, ametulia.

"Kata tu, mama," akasema. "Ni haki yako."