Harley wamepata kombe la dunia. Indian je?

Mimi ni fundi pikipiki, kwa hiyo nikitazama mbio, swali la nani anaongoza huja baadaye. Kwanza natazama pikipiki inafanya nini dereva akibana breki. Ya MotoGP (mbio kuu za pikipiki duniani), yenye kilo 157 tu na kidogo juu, inainua mkia na kuingia kona. Sasa tazama Road Glide ya Harley-Davidson, ya mashindano, ikifika kwenye kona hiyohiyo: mbele inazama, tairi la nyuma linayumba kushoto kulia, na masanduku mawili ya mizigo yanatikisika ubavuni. Kiboko kwenye barafu. Na dereva hajali, anasubiri pembe itimie afungue tena moto.

Kwa ambao hamjafuatilia: hizi ni zile pikipiki za safari ndefu, zenye ngao kubwa ya upepo mbele na masanduku nyuma, ambazo Mmarekani hununua ili avuke majimbo matatu akisikiliza redio. Mwaka 2020 MotoAmerica, waandaaji wa mbio za pikipiki Marekani, chini ya Wayne Rainey, bingwa wa dunia wa 500cc mara tatu, waliandaa mbio moja ya mwaliko pale Laguna Seca, California, wakaiita King of the Baggers (bagger ni hizi pikipiki zenye masanduku). Wengi tulidhani ni kichekesho cha siku moja. Tyler O'Hara akashinda akiwa na Challenger ya Indian, kampuni nyingine ya pikipiki ya Marekani, na Harley-Davidson hawakulichukulia hilo kama kichekesho hata kidogo.

Mwaka uliofuata yakawa mashindano ya ubingwa, na hapo ndipo utamu ulipoanza. 2021 Kyle Wyman akachukua taji kwa Harley. 2022 O'Hara akalirudisha kwa Indian. 2023 Hayden Gillim, Harley. 2024 Troy Herfoss, Indian. 2025 Wyman tena. Soma hiyo orodha taratibu: kila mwaka taji linahama kiwanda. Huu ni ugomvi wa zaidi ya karne moja, kwa sababu hawa wawili walikuwa wakinyang'anyana ushindi tangu enzi za viwanja vya mbao na vya udongo.

Novemba 2024 Harley wakatangaza pamoja na waandaaji wa MotoGP kwamba wanaupeleka mchezo huu duniani. Jina likawa Harley-Davidson Bagger World Cup, msimu wa kwanza 2026, raundi sita ndani ya wikiendi za MotoGP, mbio mbili kila raundi: Austin, Mugello, Assen, Silverstone, Aragón na Red Bull Ring ya Austria. Moja tu nyumbani Marekani, tano Ulaya. Timu zimetoka hadi Indonesia.

Pikipiki yenyewe ni kazi nzuri, lazima niseme. Injini ya Milwaukee-Eight imepanuliwa hadi inchi za ujazo 131, yaani karibu cc 2150 kwa silinda mbili tu. Inatoa zaidi ya farasi 200 na inapita kilomita 300 kwa saa. Uzito ni kama kilo 280, wakati ile ya dukani inakaribia 380, kwa hiyo wameikata kilo mia nzima na masanduku bado yapo. Mkanda wa nyuma umetolewa, imewekwa cheni. Vile vibao vya kupumzishia miguu vimekwenda na pikipiki nzima imenyanyuliwa juu, la sivyo ukiilaza kidogo tu sanduku linakwangua lami. Na si bure wamechagua Road Glide: ngao yake imefungwa kwenye chesisi, haigeuki na usukani. Ukiwa kwenye mwendo ule, hutaki mzigo wa upepo ukushike mikono.

Ila mashindano haya ni ya Harley peke yao. Pikipiki zote sawa. Najua sababu: mauzo yao yameshuka kwa miaka, wateja wao wa zamani wanazeeka, na jukwaa la MotoGP lina vijana ambao hawajawahi kuwaza kumiliki Harley. Kama tangazo, ni tangazo kali. Pia pikipiki zikilingana, tofauti inabaki kwa dereva, na hilo lina raha yake. Lakini kule Marekani watu hawakujaza majukwaa kwa sababu pikipiki ni nzito. Walikuja kuona nani atamvua mwenzake taji. Kwenye kombe hili Harley ameshashinda kabla taa za kuanzia mbio hazijazimwa, na fundi wa timu hana wa kumwibia siri isipokuwa jirani yake mwenye injini ileile.

Nitatazama, sana tu. Mugello hasa, ule mnyoofu wa zaidi ya kilomita moja halafu San Donato, kona ya kulia ambapo hata MotoGP wanateseka kusimama. Na msimu wa pili nataka mlango ufunguliwe. Indian waje na Challenger yao. BMW wana R 18 B yenye masanduku tayari. Honda nao wana Gold Wing, silinda sita zimelala, gia ya kurudi nyuma ipo, na siwezi kueleza ni kwa kiasi gani nataka kuona mhandisi wa Honda akiambiwa aifikishe hiyo kilo 280.