Kelele haikuwa ya mashine

"Mwanangu, chupa zangu zinacheza ngoma."

Ndivyo alivyoniambia mama wa duka la dawa, jirani yangu wa ukuta mmoja, wiki ya mitihani, wakati mashine yangu ya fotokopi haipumziki tangu asubuhi. Nikaenda kuona. Kweli, kila karatasi ikipita kwangu, chupa za dawa ya kikohozi kwake zinagongana.

Nilichofanya kwanza kilikuwa upumbavu mtupu: nilikata kipande cha godoro la sponji nikaiweka mashine juu yake. Uzito ukalibana likawa kama chapati, mtikisiko ukabaki palepale, na kingo za sponji zikaziba matundu ya hewa. Baada ya muda mashine ikazima yenyewe kwa joto.

Fundi aliyekuja hakugusa hata skrubu. Aliegemeza viganja vyote viwili mezani, akakandamiza, akaniambia nitoe kopi. Kelele ikapungua hapohapo. "Bosi, inayopiga kelele ni meza."

Meza yenyewe nilichomeleshewa mtaani, miguu ya bomba jembamba, juu bati. Mashine ikitikisika kidogo tu, bati linavuma. Na kwa kuwa nilikuwa nimeisukuma mpaka ukutani, mtikisiko wote ulikuwa unahamia kwa mama.

Tulianza na pimamaji. Mguu mmoja ulikuwa unaning'inia, tukauinua. Juu ya bati nikafunga ubao mnene kwa skrubu, kisha nikaivuta meza vidole vinne kutoka ukutani. Mpira nilinunua kwa fundi wa katambuga. Hapo napo nilikosea: nilitandaza kipande kizima chini ya mashine, tofauti sikuiona. Mpira wa tairi ni mgumu, ukigawiwa uzito kwenye eneo kubwa haubonyei. Nikakata vipande vinne vya ukubwa wa kiberiti, kimoja kila mguu wa mashine. Sasa ukawa unabonyea na kurudi, na mtikisiko unaishia humo.

Programu ya simu, ambayo siiamini sana, ilisoma desibeli 70 mwanzoni. Simu ikiwa palepale, mwishoni ikasoma 62. Mimi kipimo changu ni zile chupa, na zimetulia.

Feni ya ndani ya mashine niliipuliza vumbi, nayo ikaacha kukoroma. Kilichobaki ni kra-kra ya karatasi ikivutwa. Hiyo ni rola imekwisha, na bei ya mpya bado sijaizoea.