140.15

Juzi Darajani, kwenye fungu la mitumba, katikati ya rimoti zisizo na televisheni zao, nilikutana na kasha la gemu. Tupu, sidi haimo. Metal Gear Solid ya PlayStation, ile ya 1998. Nililigeuza hata kabla sijauliza bei. Ipo! Nyuma, ndani ya kipicha kidogo: 140.15.

Nilicheka peke yangu mpaka muuzaji akanitazama.

Sisi tulikuwa na sidi bila kasha. Kwenye kibanda cha gemu cha Ami, pale Michenzani, zote zilikuwa za kuchoma, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito na kutiwa vifuko vya nailoni. Mwaka 2001 nani alijua kwamba gemu huzaliwa na kasha? Basi tukafika pale mzee Kenneth Baker anapomwambia Snake, yule unayemchezesha, amtafute msichana Meryl kwa redio, namba yake iko nyuma ya "CD case". Binamu yangu ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, maana skuli Kiingereza kilimkubali. Akatangaza: "Nyuma ya kesi ya sidi." Siku mbili nzima tunatafuta nani kashitakiwa!

Tukaipekua ile diski anayoitoa Baker mwenyewe ndani ya gemu. Hamna. Tukanakili vinamba vya kwenye duara la ndani la sidi ya Ami. Hamna. Mmoja wetu akaishika sidi juu ya kibatari, labda maandishi yatajitokeza, akala kofi.

Ikabaki kugeuza redio namba moja moja. Tulianzia 140.85, ya Kanali, mkuu wa Snake, tukapanda. Piga, mkwaruzo mtupu. Ongeza moja, piga tena. Nusu saa shilingi mia, na pesa za maandazi zikateketea huko juu.

Jioni moja nilikuwa peke yangu, binamu yuko chuoni. Vidole vinateleza kwenye padi kwa jasho. Nikaanza kushuka, sijui kwa nini, labda nilichoka tu kupanda. 140.84. 140.83. Nikashuka mpaka adhana ya Magharibi ikaanza, na Ami akashika waya ukutani. "Maliza, nakwenda kusali." 140.17. Mkwaruzo. 140.16. Mkwaruzo. Nikabonyeza tena, mkwaruzo ukakatika, na sauti ya msichana ikajaza kibanda. Ami akabaki vilevile, mkono kwenye waya, anasikiliza.

Niliiandika kiganjani. Kesho yake nikaiuza, hamsini kwa kila mtoto, binamu yangu akiwemo. Niliwaambia nimepewa na baharia aliyeliona kasha lenyewe Dubai.

Kumbe miaka yote hiyo ilikuwa imechapwa waziwazi kwa kila aliyenunua gemu kihalali. Sasa mimi nilikuwa mwizi wa kitu cha wizi, au nililipwa jasho langu? Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Usiku nikamtumia binamu picha ya kasha, yuko Wete siku hizi. Akajibu mara moja:

"Kwani yule baharia alikuwa nani?"

Sijamjibu bado.