Mikimbio minne

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule, akautupa mkoba wa kriketi mlangoni, akajilaza kwenye kochi na viatu vyake. Timu yao imefungwa kwa mikimbio, ndizo pointi za kriketi. "Minne tu, mama! Mikimbio minne!" Nikafungua mdomo nimpe pole, pole yenyewe ikanikwama. Minne hiyo naijua.

Tarehe 23 Desemba 2000, Lincoln, New Zealand, nje kidogo ya Christchurch. Bweni tupu, nauli ya kurudi Tanga sina, Krismasi keshokutwa. Makofi yalikuwa yanasikika kutoka kiwanja cha chuo, nikayafuata. Fainali ya Kombe la Dunia la kriketi la wanawake: New Zealand na Australia.

Nilikaa nyasini, karibu na bibi mmoja wa huko mwenye kofia pana na kapu la matufaha. Ndiye aliyenisomesha mchezo siku ile. Hawa ni majirani, akaniambia, bahari ya Tasman tu ndiyo iliyo katikati yao; tangu 1985 wanagombea kombe la Rose Bowl, na mara nyingi linaishia kwa Australia. Miaka mitatu nyuma, Kolkata, fainali ilikuwa ya hawa hawa. Debbie Hockley wa New Zealand alipiga mikimbio 79 na bado wakafungwa. Hockley huyo huyo alikuwa mbele yetu, bado anacheza. Bibi alimtaja kama mtu anavyomtaja mtoto wa dada yake.

New Zealand walitolewa wote wakiwa na mikimbio 184. Nikaona bibi anatikisa kichwa: haitoshi. Na kweli, Belinda Clark, nahodha wa Australia, akaingia akapiga kwa utulivu ulioniogopesha. Wenzake wanatoka, yeye yupo. Alipotolewa alikuwa na 91, na kiwanja kizima kikampigia makofi, bibi akiwamo, kisu cha kumenyea matufaha mkononi.

Baada ya hapo sikumbuki mengi mpaka ova ya mwisho, ile mipira sita ya kumalizia. Australia wanataka mitano. Wiketi imebaki moja: mpigaji akidakwa tu, wamekwisha.

Mpira alipewa Clare Nicholson wa New Zealand. Bibi alikuwa na tufaha jipya, ganda linaning'inia kama utepe mwekundu, refu, halijakatika. Kisu kikasimama. Watu waliokuwa wanaongea wakanyamaza, hata watoto waliokuwa wakibiringika nyasini. Nicholson akapiga hatua zake chache, mkono ukazunguka, mpira ukaondoka bila haraka yoyote. Charmaine Mason wa Australia akanyoosha bati lake la kupigia. Nikasikia mguso mdogo, kama mtu amegonga meza kwa ukucha. Rebecca Rolls, mdakaji wa New Zealand nyuma yake, alikuwa ameshaudaka.

Australia 180, minne pungufu. Ganda likakatika, likamwangukia bibi mapajani. Alinishika kifundo cha mkono, mimi mgeni ambaye hata jina hakunijua, akanibana mpaka vidole vyake vikaacha alama. Wachezaji wakarundikana katikati, watu wakakimbilia ndani. Bibi hakusimama. Alilia taratibu, tufaha nusu limemenywa mkononi. Baadaye akalipasua, tukala wawili.

Nilimsimulia binti yangu yote haya. Nadhani nilitaka ajue kwamba minne inaweza kubebwa. Ila kila nilivyozidi kusimulia ndivyo nilivyojisikia nasimulia furaha ya walioshinda, na aliyekuwa mbele yangu ni aliyeshindwa. Yeye ndiye aliyekuwa anashika bati mwisho, hilo nilikuja kuambiwa na mwalimu wake kesho yake.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainuka, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Na yule dada aliyegusa mpira? Alifanya nini?"

"Mason?"

"Huyo."

Nikajaribu kumtafuta. Nikauona mkono wa Rolls juu, ganda lile, vidole vya bibi. Kila kitu kipo.

"Sikumwangalia, mwanangu," nikamwambia. "Hakuna aliyemwangalia."

Akaweka viatu pembeni, akaenda mlangoni kuuchukua mkoba wake.