Matokeo ya Gredi ya 6

Tumepokea matokeo ya KPSEA, mtihani wa Kenya wa kumaliza shule ya msingi, hapa Lamu, na binti wa dada yangu amezidi matarajio katika Kiswahili, ilhali katika hisabati ameyakaribia tu matarajio hayo. Enzi za KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la nane, iliyofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, wazazi wengi tuliuliza alama ngapi kati ya 500, basi. Sasa angalau tunaona mtoto anakwama katika somo gani, na mimi nalifurahia hilo kwa dhati. Kwa kuwa mtihani huu unachangia asilimia 20 ya matokeo yake ya Gredi ya 9, nimelipitia daftari lake ukurasa kwa ukurasa, nikakuta amejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5 badala ya 5/6. Mwalimu wake amekubali tuanzie hapo kwenye kujumlisha sehemu kama hizo, kila Jumamosi baada ya chuo, yaani madrasa.