Upande wa Choo, Upande wa Jikoni

Mndimu wetu wa Ngamiani, mjini Tanga, ulikuwa katikati ya ua, matawi mengine yakiegemea paa la jiko, mengine ukuta wa choo, na ulikuwa mali ya mama peke yake. Ilikuwa Aprili 2017, masika yamekaza, na Ramadhani ingeingia mwishoni mwa Mei. Ndimu hupanda bei mwezi huo, na mama alikuwa na chupa zake za achari za kujaza.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani sina kazi, nikajipa shughuli ya kuvuta vipepeo. Nilipanda mrehani mstari mzima kando ya ukuta, nikauacha uchanue. Nikaweka ndizi zilizooza kwenye kisahani, kwani wapo vipepeo wasiojali maua, wao hunyonya matunda yaliyovunda. Wapo kweli, ila kwetu walikuja sisimizi, na baada ya sisimizi kuku wa jirani. Vipepeo wachache waliopita walionja mrehani wakaruka ukuta, kama wageni wanaosalimia mlangoni wakakataa hata kuvua viatu.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja aliyekuwa akituletea iliki kutoka Amani, kwenye milima ya Usambara. Alikitazama kibustani changu, akacheka.

"Mwanangu, chai umewaandalia. Pa kulea watoto umewapa wapi?"

Huko milimani yeye na mkewe walikuwa wakifuga vipepeo kwenye banda la chandarua. Walikuwa wakiuza pupa, yaani viwavi waliokwisha kujifungia gandani kungoja kuwa vipepeo, nazo zikipakiwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ukasimamishwa, vipepeo nao wakiwamo, ndipo akarudia iliki yake. Alinisimulia hayo huku akipindua majani ya mndimu, jani moja moja.

"Hawa hapa."

Niliona mavi ya ndege. Kumbe ni viwavi: wakiwa wadogo huwa weusi wenye doa jeupe, na ndege akipita huona uchafu wake mwenyewe. Aliyekua alikuwa wa kijani, mnene kama kidole changu cha mwisho. Mzee akamgusa kwa kijiti, na nyuma ya kichwa pakachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu ya kutibua roho. Nilifurahi mno, nikamwita mama aje aone.

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Mama aliona, akaingia jikoni, akatoka na kopo la majivu.

Tulivutana mpaka adhuhuri. Mzee alimwambia kwa adabu zote kwamba kiwavi wa mndimu hali jani la mrehani, na bila mndimu hakuna kipepeo. Mama akamjibu kwamba na bila mndimu hakuna achari. Mwishowe akauona mwiko mkononi mwake, akaunyoosha kuelekea choo. "Huku wadudu wako. Huku kwa jikoni ni mimi. Nikimkuta mmoja kwangu, usinilaumu."

Basi kila asubuhi nikawa nahamisha viwavi, jani na wake, kutoka jikoni kwenda chooni. Nilimwona hata mama mtu: kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano, anatua, anagonga jani kwa miguu ya mbele kama anayebisha hodi, kisha anaacha yai moja, dogo kuliko punje ya ulezi. Moja tu, anahamia jani jingine.

Wawili walifika hatua ya kujifunga kijitini, kila mmoja na uzi wake kiunoni. Nikamwambia mama sasa nangoja pupa.

"Pupa gani ya kungojwa?" akauliza. "Mwenye pupa hangoji."

Kwa siku nane alikuwa akiwasimulia majirani kichekesho hicho. Siku ya tisa, pupa ya kwanza ikageuka nyeusi. Nikaketi nayo kwenye kigoda, simu mkononi tayari kupiga picha. Kikatokea kitundu, na ndani yake wakatoka vinyigu, wadogo kama sisimizi wa sukari, mmoja baada ya mwingine, wakaruka. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ndiye kipepeo wako huyo?"

Mzee alinieleza baadaye kwamba nyigu hao hutaga ndani ya pupa ikiwa bado mbichi. Bandani kwake chandarua kilikuwa cha kuwazuia wao zaidi kuliko kuwazuia vipepeo wasitoke. Siku ile lakini sikula mchana.

Ya pili niliisahau makusudi. Ni mama aliyeiona, alipotoka kutia udhu alfajiri, na aliniita kwa sauti ya chini ambayo huwa haitumii kwangu. Kipepeo alikuwa ananing'inia, mabawa yamekunjamana kama kanga iliyokamuliwa. Yakanyooka taratibu, yakakauka. Alipoyafungua tukaona madoa mawili ya buluu na nyekundu, kama macho. Mama alisahau uji jikoni hadi ukaungua.

Wiki iliyofuata nilisikia kelele uani. Nikatoka nikamkuta kipepeo mweusi anazunguka matawi ya paa la jiko, na mama anampungia upande wa kanga, hampigi, anampungia tu.

"Si huku! Kule! Kule kwa choo!"